Kupepesa si Kukonyeza

Nilipokuwa na miaka 23 nilimvunjia heshima bibi wa watu kwa neno moja, na sikuwa nimekusudia. Ilikuwa mwaka 1994, katika kijiji kimoja cha Kongwa, mkoani Dodoma. Madaktari wa macho kutoka ng'ambo walikuwa wamekuja kwa wiki mbili kuwatazama wagonjwa wa trakoma, ambayo wengi wetu tunaiita vikope, nami nilichukuliwa kuwa mkalimani wao. Tulifanyia kazi katika darasa la shule ya msingi, madawati yamesogezwa ukutani, wagonjwa wamejipanga kuanzia mlangoni hadi kwenye kivuli cha mbuyu. Wasiojua Kiswahili walisaidiwa na mganga wa zahanati, mwenyewe Mgogo. Waliobaki walikuwa wangu.

Bibi huyo alikuja siku ya pili, asubuhi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mjukuu wangu, akaketi kwenye kiti huku machozi yakimchuruzika jicho la kulia. Katika pindo la kanga yake palikuwa na fundo, na ndani ya fundo kibano kidogo cha chuma. Daktari, mwanamume wa makamo, mpole sana, akainama na kurunzi yake, akasema kwa Kiingereza maneno matatu ambayo kwao ni ya kawaida kabisa: blink for me. Nikageuka kwa bibi, nikasema, "Bibi, daktari anaomba umkonyeze."

Darasa lilinyamaza. Bibi akavuta kanga akafunika nusu ya uso.

"Mimi?"

"Ndiyo, bibi. Mara moja tu."

"Mjukuu wangu, mimi nimezika mume. Mkwe wangu yule pale mlangoni amesimama. Leo nije kumkonyeza mwanamume mbele yake?"

Akainuka, akatoka. Vijana waliokuwa wakichungulia dirishani wakacheka, na kicheko chao ndicho kilichoniumiza zaidi, kwa sababu yeye alikisikia. Mganga wa zahanati aliniambia bila kuinua kichwa kutoka kwenye daftari lake, "Pepesa. Ulitakiwa useme pepesa."

Nilimkuta chini ya mbuyu. Nikachuchumaa, nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba lile neno lilikuwa langu na si la daktari, kwamba daktari alitaka tu apepese ili aone kope zinavyogusa jicho. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kiswahili ulifundishwa na nani?"

"Nimezaliwa nacho, bibi. Kwetu Muheza."

"Basi leo ulikuwa umekiacha wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekiacha kwenye daftari la shule. Humo, miaka mingi nyuma, nilinakili msamiati wa Kiingereza wa viungo vya mwili na matendo yake, na maneno mawili, blink na wink, yalikaa mstari mmoja, mbele yake limeandikwa neno moja tu la Kiswahili: konyeza. Nilikariri hivyo na nikafaulu mtihani hivyo. Nilipolisikia neno la daktari, sikulitazama jicho la yule bibi wala kuuliza ni jicho la nani na linamtazama nani. Nilifungua daftari kichwani nikasoma.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifuatilia neno hilo dogo, na kadiri ninavyolifuata ndivyo ninavyozidi kuona jinsi lugha yetu ilivyoligawa jambo lenyewe. Mwingereza hulitumia kwa ukope unaofumba wenyewe, kwa taa inayowaka na kuzima, kwa mtu anayelegeza msimamo, na kwa muda mfupi usiopimika. Haishangazi likienda kwenye taa, maana Kiholanzi kina neno la ukoo huohuo na kwao maana yake ni kung'aa. Kiswahili kinataka kujua kwanza kama mwenye jicho amekusudia. Kupepesa ni kazi ya mwili. Masikioni mwangu neno hili linakaa jirani na upepo na kupepea, kitu chepesi kinachokwenda chenyewe bila kuagizwa. Kukonyeza kunahitaji watu wawili, na mara nyingi wa tatu ambaye hatakiwi kuona. Ndiyo maana bibi alimtaja mkwe wake. Na kufumba ni uamuzi: unafumba macho kwa maumivu, kwa sala, au unayafumbia macho maovu ya ndugu yako ukijua unachofanya. Kutoka hapo tukapata fumbo na mafumbo, mambo yaliyofungwa yanayongoja kufumbuliwa.

Napenda hasa tunavyosema kufumba na kufumbua. Mwingereza akitaja muda huo mfupi hutaja tendo moja, basi. Sisi tunataja na kufunguka. Jicho lililofumba bila kufumbua tunalijua ni la nani.

Bibi alirudi darasani siku ileile, jua likiwa limepinda. Safari hii nilisema neno lililo sahihi, akapepesa, na daktari akaniita nitazame. Sijasahau. Kope za juu zilikuwa zimegeukia ndani, na kila ukope uliposhuka zile nywele zilipita juu ya kioo cha jicho kama ufagio wa chelewa juu ya maji. Trakoma huletwa na bakteria wanaopita kwa mikono, kwa nguo ya kufutia uso na kwa nzi wanaotua kwenye nyuso za watoto zenye tongo. Mtoto huambukizwa, hupona, huambukizwa tena, na kwa kurudiarudia huko ndani ya ukope wa juu hubaki makovu. Miaka ikipita makovu hukaza, yakavuta ukope kuelekea ndani. Wanawake huumia zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa ndio wanaokaa na watoto kutwa. Kile kibano cha kwenye pindo la kanga kilikuwa cha kung'olea kope, moja moja. Zikiota upya huwa fupi na ngumu, nazo hukwaruza zaidi.

Usiku ule nilipiga hesabu. Mtu mzima hupepesa kati ya mara 15 na 20 kwa dakika. Tuchukue 15 tu. Akiwa macho saa 16, hiyo ni mara 14,400. Mimi na wewe hatuhisi hata moja kati ya hizo. Kila moja huchukua chini ya nusu sekunde na tunaendelea kuona kana kwamba hakuna pazia lililoshuka. Yeye alikuwa akizihisi zote, siku baada ya siku. Na mimi, kwa jambo lililomtesa mara elfu kumi na nne kwa siku, nilikuwa nimempa jina la mchezo wa wapenzi.

Alipasuliwa keshokutwa yake, kwa ganzi, ukope ukageuzwa utazame nje. Bendeji ilipotolewa asubuhi iliyofuata nilikuwepo. Daktari akasema neno lake, nami nikasema la kwetu: "Bibi, pepesa." Akafumba. Akabaki amefumba, bega limepanda, mkono umeshika ukingo wa kiti, anasubiri yale aliyoyazoea. Kisha akafumbua, polepole, bega likashuka. Akafumba tena, akafumbua. Hakusema kitu. Tulisimama pale tukimtazama akipepesa, na daktari hakumharakisha.

Daktari huyohuyo ndiye aliyenieleza kazi ya kupepesa, jioni moja tukila ugali wa uwele na mlenda. Kila ukope unaposhuka hutandaza juu ya jicho utando mwembamba wa machozi: ute ulioshika jicho, juu yake maji, na juu kabisa mafuta kidogo yanayozuia maji yasikauke. Jicho lisilopepesa hukauka, na likikauka huwasha, huwa jekundu, mwisho hutoka kidonda. Nilimwambia kwamba kwetu mtu asiye na haya tunamwita mkavu wa macho. Akaweka kijiko chini, akaniomba nirudie, akauliza kama wahenga wetu walikuwa wanajua habari ya ule utando. Sidhani. Nadhani walikuwa wameishi na watu, wakaona kwamba anayekukazia macho bila kushusha ukope, katika jambo ambalo angepaswa kuona aibu, ndani yake kuna kitu kimekauka.

Nililelewa hivyo. Mbele ya mkubwa unashusha macho, na kumkodolea baba ni ukosefu wa adabu hata kama huna kosa. Lakini lugha hiyohiyo inamsifu anayesema ukweli bila kupepesa macho. Tumeisikia sana redioni na mikutanoni: kiongozi fulani amesema bila kupepesa macho. Kwa muda mrefu niliona hapa lugha inajipinga, leo sioni hivyo. Mtoto anaambiwa ashushe macho mbele ya mtu, na kiongozi anatakiwa asipepese mbele ya jambo. Ukiyabadilisha, kiongozi akawakodolea watu macho makavu na kupepesa mbele ya ukweli, utapata wale viongozi ambao sote tumewahi kuwaona. (Watoto wachanga sheria hii haiwahusu. Wao hupepesa mara chache mno, pengine mara mbili au tatu kwa dakika, ndiyo maana ukimpakata anakukazia macho mpaka unahisi anakufahamu.)

Tofauti hii ilinitesa baadaye nilipokuwa mfasiri wa gazeti Dar es Salaam. Oktoba 2012 dunia ilikumbuka miaka 50 tangu mgogoro wa makombora ya Cuba, nikapewa makala nifasiri. Mwaka 1962, meli za Muungano wa Kisovieti zilipoacha kuikaribia Cuba, Dean Rusk, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alilieleza jambo lile kana kwamba ni watu wawili waliokaziana macho na yule mwenzao akawa wa kwanza kupepesa. Kwa Kiingereza sentensi hiyo inanguruma. Niliiandika kama ilivyo, nikaisoma kwa sauti, nikamwona Mrusi aliyeingiwa na vumbi jichoni. Nikajaribu kuandika kwamba aliinamisha macho, nikamwona kijana mwenye adabu mbele ya mjomba wake. Mwisho niliandika kwamba upande wa pili ndio uliotangulia kulegea, nikayaacha macho kabisa. Sikuipenda tafsiri ile na bado siipendi, lakini haikudanganya.

Karibu mwaka mmoja na nusu baadaye, Machi 2014, alifariki Jeremiah Denton, Mmarekani, na habari ya maisha yake ikaangukia mezani kwangu. Ndege yake ilidunguliwa Vietnam Kaskazini mwaka 1965, akashikwa. Mwaka uliofuata waliomshika walimweka mbele ya kamera ili aseme kwamba anatunzwa vizuri. Denton akajifanya anaumizwa na mwanga wa taa. Macho yakawa yanafumba, mara kwa haraka, mara kwa kuvuta. Zilikuwa nukta na vistari vya alfabeti ya Morse, na katika herufi saba za Kiingereza alikuwa anaieleza Marekani kwamba yeye na wenzake wanateswa. Aliachiwa mwaka 1973, baadaye akawa seneta wa jimbo la Alabama.

Sasa huyu alifanya nini? Makala ya Kiingereza ilitumia neno lilelile la daktari wa Kongwa. Alipepesa? Lakini kupepesa hakuna kusudi, na Denton alikuwa na kusudi lililoweza kumgharimu roho. Alikonyeza? Konyezo huwa na mwenzako wa kulipokea, na yeye alikuwa analitupa gizani bila kujua nani atatazama. Mwanafalsafa Mwingereza Gilbert Ryle aliwahi kuuliza kuhusu vijana wawili ambao ukope wa kila mmoja umeshuka vilevile, mmoja kwa kuchezwa na jicho na mwingine kwa kukonyeza, na picha yao ni moja. Denton alikuwa wa tatu, ambaye nguvu zake zote zilikuwa kwamba mlinzi auone wa kwanza na mtu wa kwao ausome wa pili.

Niliandika: alisema kwa kope. Mhariri akazungushia maneno hayo kalamu nyekundu, akaniita, akauliza mbona nimeliacha neno la kawaida. Nikamwambia kwamba nyumbani kwetu ndivyo tulivyokuwa tukisema.

Mwaka 2010 baba yangu alipata kiharusi, kwenye shina la ubongo. Alikuwa mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, aliyefundisha watoto wa Muheza kusoma kwa miaka zaidi ya 30. Alipozinduka hakuweza kutikisa mkono wala mguu wala ulimi. Ukope wa kulia haukufunga tena, na muuguzi alitufundisha kuweka dawa ya matone na kuufumba kwa plasta usiku, ili jicho lisikauke. Jicho la kushoto lilibaki lake.

Wageni walikuja kumjulia hali. Watu wema, na wengine walikuwa wanafunzi wake. Wakikaa kidogo walianza kuongea kana kwamba kitanda ni kitupu: kwamba mzee ameisha, kwamba shamba la minazi lingefaa ligawanywe mapema. Mama ndiye wa kwanza kusema baba anasikia. Alikuwa amekaa upande wa kushoto, akamwambia, kama alivyomwita siku zote, "Mwalimu, kama unanisikia fumba jicho." Likafumba. Mimi nikasema, mama, watu wote wanapepesa. Akanijibu kwamba ameishi na jicho lile miaka 41.

Tukaafikiana naye: mara moja ndiyo, mara mbili hapana, na iwe ndefu, isichanganyike na ile ya mwili. Baadaye nilisoma habari za Jean-Dominique Bauby, mhariri wa jarida la Elle la Ufaransa, aliyepatwa na hali kama hiyo mwaka 1995, naye kwa jicho la kushoto, akatunga kitabu kizima kwa kumfumbia ukope mwandishi aliyekuwa akimtajia herufi. Herufi zilipangwa kwa kufuata zinazotumika zaidi katika Kifaransa, kuanzia E, S, A. Kitabu kilitoka Machi 1997, na siku chache baadaye Bauby akafariki. Sisi tulikuwa hatujamsikia Bauby. Tulikuwa na baba aliyefundisha silabi, na dada yangu alichukua kipande cha katoni akaandika kile ambacho baba mwenyewe alikuwa ameandika ubaoni maelfu ya mara: ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, da de di do du. Unashusha kidole mstari kwa mstari, anafumba. Unakwenda nao a, e, i, o, u, anafumba. Kwa Kiswahili silabi moja inabeba mengi, na neno linakamilika kabla mgonjwa hajachoka.

Neno lake la kwanza lilichukua karibu robo saa. Wageni wawili walikuwa bado chumbani. Na. Si. Ki. A.

Dada aliliandika pembeni mwa katoni kwa kalamu ya wino, na wale wageni wakainuka mmoja baada ya mwingine kuja upande wa kushoto wa kitanda, kumwamkia upya.

Baba aliishi miezi 14 baada ya hapo. Aliuliza habari za mvua. Alikataza shamba lisigawanywe, nalo halikugawanywa. Alimtaka mama alale. Katika miezi yote hiyo sikumsikia mtu yeyote nyumbani akisema baba amepepesa. Nilipopiga simu kutoka Dar es Salaam nikauliza hali, mama alikuwa akisema, "Mwalimu amesema uje na miwani yake, ameiona haipo." Amesema. Neno hilo hakutufundisha mtu, wala hatukulijadili.

Mtoto wa dada alikuwa na miaka mitano mwaka ule. Alijifunza kusoma kwa ile katoni, amepanda kwenye kiti kando ya kitanda, kidole kikipita kwenye mistari, babu akimsimamisha. Nakumbuka alasiri moja nimekaa mlangoni nikiwatazama. Kidole kilifika kwenye mstari wa ka, ukope ukashuka na kupanda upesi. Mtoto akasita, akainamia uso wa mzee karibu sana, kama daktari mwenye kurunzi.

"Babu, umesema?"

Ukope ukashuka mara moja. Ukakaa chini. Mtoto akangoja, hata yeye ameziba pumzi, mpaka ulipopanda, ndipo kidole kikaendelea: ka, ke, ki.